Mtu Aliyesimama Kando ya Baba

Masanja alifika msibani asubuhi akiwa amekumbatia fremu kubwa iliyofungwa kwa blanketi, na kabla hata hajanisalimia vizuri akauliza pa kuitundika. Mwili wa mama ulikuwa bado mochwari, ungeletwa alasiri. Pale sebuleni kwake, Bariadi, tulikuwa tumeshatoa makochi nje chini ya turubai, tumetandika mikeka, na ukutani tulikuwa tumebakiza picha moja tu, ya mama akiwa na kitenge chake cha kanisani. Mdogo wangu alipiga goti, akafungua kamba za blanketi taratibu kama mtu anayemfungua mtoto aliyelala, kisha akainua kile alichokileta. "Nimekuja na baba, dada," akasema. "Niliona si vizuri mama aagwe peke yake." Alikuwa amechukua ile picha ya zamani ya wacheza ngoma, aliyoondoka nayo nyumbani alipoanza kazi, akaipeleka kwa fundi wa picha huko Dar es Salaam, na fundi akamtoa mtu mmoja kati ya wenzake, akamkuza, akamtia rangi. Kazi ilikuwa safi. Shati lilikuwa la bluu, ngozi inang'aa, macho yametulia. Nilimtambua mtu yule papo hapo. Hakuwa baba. Alikuwa Shija, rafiki yake baba, aliyekuwa akimpigia ngoma.

Kwenye mkeka nyuma yangu, bibi mmoja jirani wa zamani alijiinua kidogo, akamwinamia mwenzake, akamwambia kwa Kisukuma, akidhani sauti yake ni ndogo, "Yule si Shija wa ngoma? Amefuata nini kando ya mke wa mtu?" Mwenzake akamjibu kwa kuguna tu. Mguno ule niliuelewa. Masanja alizaliwa baba akiwa ameshazikwa, na watu wa kwetu hawahitaji kuni nyingi kuwasha moto. Picha ile ingekaa kando ya jeneza hadi jioni, mama angezikwa na maneno ambayo hakuyastahili hata siku moja maishani mwake. Nikamshika Masanja mkono, nikamwambia anisaidie kutoa kitu chumbani kwa mama. Tukaingia, nikarudisha mlango, nikaketi kwenye kitanda chake kilichokuwa kimeshavuliwa godoro. Yeye akabaki amesimama na fremu yake, mtu mzima mwenye mvi masikioni, akinitazama kama alivyokuwa akinitazama alipokuwa anajifunza kutembea.

Picha ile ya ngoma ilikuwa ukutani kwetu tangu kabla Masanja hajazaliwa. Padri mmoja mgeni aliipiga baada ya mavuno, kundi la baba lilipotoka kushindana, akawapanga mstari na kuwaambia wasitikisike. Shija alitii. Alisimama na ngoma yake kifuani kama askari. Baba hakutii, kwa kuwa alikuwa bado anaimba; alikuwa ndiye ningi, ndivyo kwetu anavyoitwa mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na wimbo ulikuwa haujamwisha mdomoni. Aligeuza kichwa kuwaitikia walio nyuma, na uso wake ukatoka kama moshi. Mabega yake yamo, shanga zake zimo, uso haumo. Kwa miaka zaidi ya arobaini tulisema "picha ya baba", mimi, mama, Masanja na wale wadogo wawili waliomtangulia, na siku ile ndipo nilipogundua kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuweka kidole juu ya kioo akasema, ni huyu. "Nilimuuliza mama nikiwa mdogo," Masanja alisema nilipomweleza. "Alikuwa anasonga ugali. Akaniambia, yule wa katikati. Nikatazama katikati, nikamwona huyu." Sijui kama mama alikuja kujua kosa lile. Macho yake yalianza kufifia mapema. Na pengine alijua, akaona heri mtoto awe na baba mwenye uso.

Katika mkoba wangu nilikuwa na picha nyingine. Mama alinikabidhi siku naolewa, akiwa ameifunga kwenye kitambaa, akaniambia, "Kaa nayo wewe. Masanja utampa nikishaondoka. Mimi nikiwa hai sitaki kuiona ukutani." Nilikuja nayo msibani kwa ajili hiyo. Lakini sikuweza kuitoa tu na kumpa kama mtu anayetoa nauli. Ilibidi kwanza nimsimulie mwaka ilipopigwa, na nilimsimulia pale kitandani, huku nje wakipanga viti na kuuliza sufuria kubwa ziko wapi.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza darasa la saba. Tulikaa kijijini wakati huo, mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli kutoka Bariadi, na baba alikuwa bado mtu ambaye watu walimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa mkubwa wa kifua. Akiwa shambani kwenye pamba aliimba, na majirani wa mashamba ya mbali walijikuta wanalima kwa mwendo wake bila kukubaliana. Ugonjwa ulianza kwenye chakula. Siku hiyo tulikula ugali wa mtama na mlenda, tumekaa uani, baba akameza tonge likasimama. Akanywa maji, yakarudi. Akacheka, akasema mtama wa mwaka huo una kiburi. Wiki iliyofuata likasimama tena, kisha kila siku, na mama akaanza kumsongea ugali laini, halafu uji, halafu uji uliochujwa kwa kitambaa. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Mama alisema ni vidonda vya koo. Shangazi Nkwimba, dada yake baba, mjane aliyeishi nasi, alisema ni watu. Kwamba ningi wa kundi pinzani amemfunga koo kaka yake, na kila mtu anajua, isipokuwa wanaojifanya wamesoma. Alipotamka la kusoma alinitazama mimi na cheti changu cha darasa la saba.

Walimpeleka kwa mganga kwanza, kisha Shija akampeleka hospitali kubwa Mwanza kwa treni kutoka Malampaka. Waliporudi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika michembe, viazi vilivyokatwa vipande, juu ya kichanja, na nilimsikia Shija akimwambia mama, "Wameingiza mpira wenye taa, wakatazama. Daktari alikuwa mtu mzuri, shemeji. Alikaa kitandani kabisa kabla ya kusema." Mama akauliza, "Akasema nini?" Shija akajibu, "Akasema tukae naye nyumbani." Mama hakulia. Nilisikia akichukua ufagio akaanza kufagia uani, mahali alipokuwa ameshafagia, na alipofika kwenye kona ya nyumba na kuniona na viazi mkononi, alinipita kama hakuniona. Alikuwa na mimba ya Masanja, changa bado, ambayo hakuna mtu wa nje aliyeijua.

Nikifunga macho sasa, mwaka ule wote naukuta ndani ya chumba kimoja. Kilikuwa chumba cha mwisho upande wa machweo, chenye dirisha dogo la ubao, kitanda cha kamba, na magunia ya pamba iliyosubiri msimu wa kuuza yamepangwa hadi karibu na dari, hivyo kilinukia pamba, na baadaye pamba na dawa. Baba alihamia humo kwa kuwa usiku alikohoa na hakutaka kutuamsha. Jambo la kwanza tulilofanya, bila kuambizana, lilikuwa kuacha kula mbele yake. Mama alitupakulia jikoni, kile kibanda cha nyasi cha nyuma, tukala tumeinama, kimya, kama watu walioiba. Wadogo zangu wawili walikuwa wadogo sana, lakini hata wao walijua kutafuna kimyakimya. Hiyo iliendelea kwa muda, hadi mchana mmoja baba alipogonga kitanda kwa fimbo. Sauti ilikuwa imeanza kumwisha, imebaki kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Nilipoingia akaniambia, "Mayu." Mayu ni mama, baba wengi wa kwetu huwaita hivyo mabinti zao. "Mayu, kaya hii imeacha kula?" Nikasema tunakula jikoni. "Nani kafa, mpaka mle mmejificha? Leteni chakula hapa."

Tulikileta. Mama alikataa kwanza, akasema huo ni ukatili, mtu hawezi kutafuna mbele ya mwenye njaa. Baba akamwambia, "Ukatili ni kunilaza hapa nikisikiliza kimya." Kuanzia siku hiyo tulikula chumbani kwake, sakafuni, kando ya kitanda, mchana na jioni. Akawa anatuuliza. "Nsansa hizo zimetiwa karanga?" Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Nikasema ndiyo. "Zimesagwa sana au kidogo?" Nikasema kidogo, unakutana nazo mdomoni. Akafumba macho. "Vizuri. Mama yako akisaga sana anaharibu." Mama akamjibu, "Toka lini?" na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona akikaribia kucheka. Wakati mwingine baba alinitaka nimweleze ladha ya maziwa ya mgando, kama yameganda kwenye kibuyu kilichofukizwa au kwenye ndoo, na nilijifunza kula kwa makini, kutafuta maneno nikiwa na tonge mdomoni, kwa kuwa nilikuwa nakula kwa ajili ya watu wawili. Mpaka leo siwezi kula haraka. Wajukuu wangu hunicheka. Sijawahi kuwaeleza ni kwa nini.

Mama ndiye aliyepata taabu zaidi. Tumbo lilikuwa limeshaonekana, na alitakiwa kula, lakini mkono wake ulisimama kati ya bakuli na mdomo kila alipomtazama mumewe akivuta matone ya uji kwa kijiko. Baba aliliona hilo. Alikuwa akigonga kitanda polepole kwa kidole, akingoja, na hakuacha kugonga mpaka mama atie tonge mdomoni. Nimemwona mama yangu akila huku machozi yanadondoka kwenye ugali, bila sauti, na baba akigonga.

Mavuno yalipokwisha, ngoma zikaanza. Kila mwaka kundi la baba na kundi pinzani la ng'ambo ya mto walishindana, na kila upande ulimtungia ningi wa upande wa pili nyimbo za kumkejeli. Ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Baba aliwahi kuimbwa kwamba tumbo lake linafika uwanjani asubuhi na yeye mwenyewe mchana, akarudi nyumbani anaifurahia kejeli hiyo kuliko zawadi waliyoshinda. Mwaka ule kundi lake lilicheza bila yeye, Shija akipiga ngoma kwa kuombwa. Uwanja haukuwa mbali. Baba aliagiza dirisha lifunguliwe, akalala akisikiliza mchana mzima. Jua lilipoinama, Shija akaja, vumbi limemjaa miguuni, akakaa juu ya gunia. Baba akamuuliza, "Wameniimba nini?" Shija akatazama mikono yake. "Hawakukuimba." "Hata ubeti mmoja?" "Wamesema mwaka huu wanakuheshimu. Ningi wao mwenyewe amekataza." Nilikuwa mlangoni na kibuyu cha maji. Nilidhani baba atafurahi. Aligeukia ukuta, akasema, "Basi wameshanizika." Nimehudhuria mazishi mengi tangu hapo, nimesikia hotuba nyingi za kumsifu marehemu, na kila ninaposikia watu wanamsema mtu kwa mema matupu nakumbuka mgongo wa baba siku ile.

Nadhani ni kutoka hapo alipoanza kuwaza juu ya picha. Shija alikuwa akija kila siku ng'ombe wakirudi, na siku moja baba alimwambia amtafute mpiga picha wa Malampaka, yule aliyezunguka minadani na baiskeli. Shangazi Nkwimba aliposikia akaja mlangoni, akasimama na mikono kiunoni. "Kivuli cha mgonjwa hakichukuliwi," akasema. "Ukikipeleka mjini kwenye maji ya dawa, mwenyewe atakifuata." Baba akamwambia, "Dada, mimi nafuata hata kisipopelekwa." Shangazi akaondoka analia. Lakini aliyepinga hasa hakuwa yeye. Alikuwa mama, na mama hakusema lolote mpaka siku yenyewe.

Mpiga picha alikuja asubuhi, jua likiwa bado laini, kijana mwembamba mwenye kofia ya pama, kamera ikining'inia shingoni kwenye mfuko wa ngozi. Shija alikuwa amemnyoa baba ndevu, amemvalisha koti lake jeusi la kanisani, na kwa kuwa koti lile sasa lingetosha watu wawili, nililibana kwa nyuma kwa pini za nepi mama alizokuwa amezitayarisha. Tukamtoa nje, tukamkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Baba akatazama huku na huku. "Mama yako yuko wapi?" Alikuwa jikoni. Nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, hakuna moto, hakuna chungu. Nikamwambia baba anamwita. Akasema, "Mwambie apige mwenyewe, na akishapiga aichome. Mtoto wangu hatamjua baba yake akiwa mifupa." Nikarudi, nikamwambia baba kwamba mama anasema bado kidogo. Alinitazama, akajua ninadanganya. Mpiga picha akalitazama jua, akasema litakuwa kali. Shija akajitolea kwenda kuzungumza na shemeji yake. Baba akatikisa kichwa, akashika mikono ya kiti, akainuka.

Hakuwa ametembea bila kushikwa tangu mavuno. Alikwenda kwa kushika ukuta, kisha kwa kushika kamba ya kuanikia nguo, akafika jikoni, akainama chini ya nyasi, akaingia. Nilimfuata nikihofia ataanguka, nikabaki nje ya mlango. Nilisikia akihema, na kigoda kikisogezwa. Kisha akasema, kwa ile sauti ya mtungini, "Sauti sina tena ya kumwachia. Umebaki uso. Si mzuri, lakini ni wangu." Mama akasema, "Na mimi? Niwe nauona kila siku?" Baba akapumzika, akasema, "Wewe unikumbuke unavyotaka. Unavyo vya kukumbuka. Huyu hana." Halafu nikamsikia mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya siku zote, "Umevaa koti bila kufunga kifungo cha juu," na nikajua anamfunga.

Walitoka pamoja. Mama hakuwa amebadilisha nguo. Alikuwa na kanga ya kazini na mikono yenye majivu. Baba akakaa, mama akasimama kando yake, tumbo likiwa usawa wa bega la mumewe. Mpiga picha akamwambia mama asogee nyuma ya kiti ili tumbo lisionekane, ndivyo inavyopendeza. Baba akasema, "Hapana. Hilo ndilo ninalolipigia picha." Akamwita Shija naye aingie, Shija akakataa. "Hii ni ya kaya yako," akasema, akawashika wadogo zangu mkono wasikimbie mbele ya kamera. Mpiga picha akaomba wasitikisike. Safari hii baba alitii.

Mvua za kwanza zilinyesha kabla picha haijarudi, kwa kuwa kijana yule alikuwa hamalizi filamu mpaka apate watu wengine, kisha aipeleke Mwanza kwa treni. Baba alimuulizia kila siku, halafu akaacha kumuulizia. Alifariki mchana, tukiwa tunakula. Ilikuwa matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, na maziwa, na wadogo zangu walikuwa wanagombania bakuli. Baba alikuwa amegeukia kwetu, macho yamefumbwa nusu, kama alivyokuwa siku zote akitusikiliza. Mimi nilikuwa nataka kumweleza kwamba maziwa yamechacha kidogo. Mama akaniwekea mkono kwenye goti. "Waache wamalize," akasema. Sikumwelewa. Akawagawia wale wadogo maziwa yaliyobaki, akawafuta midomo, akawaambia waende kuwaangalia ndama. Walipotoka, akatambaa kwa magoti hadi kitandani, akamfumba baba macho yaliyobaki wazi. Alikuwa amejua tangu mwanzo wa chakula. Aliniambia baadaye kwamba hakutaka sauti ya mwisho ndani ya chumba kile iwe ya kilio, kwa kuwa si hiyo baba aliyoiomba.

Masanja alizaliwa mpunga ukiwa umeshaota. Siku chache baadaye mpiga picha alikuja na baiskeli yake, akamkabidhi mama bahasha, akampa pole, akakataa hata kukaa. Mama alikuwa ananyonyesha. Akaitoa picha kwa mkono mmoja, akaitazama mara moja, akaifunika kwenye kitambaa. Sikumwona akiifunua tena.

Nilipofika hapo, Masanja alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, fremu imelala mapajani. Nikafungua mkoba, nikampa. Ni ndogo, inatosha kiganjani, na pembeni imeanza kuwa njano. Baba amekaa kwenye koti lake, mashavu yameingia, macho makubwa yanamtazama mtu moja kwa moja. Mama yuko kando yake, amekunja uso kwa ajili ya jua. Masanja aliitazama kwa muda mrefu hata watu wakaanza kugonga mlango. Nilimngoja aseme kitu juu ya ule wembamba. Aliweka ncha ya kidole juu ya kanga ya mama, pale tumboni, akasema, "Mimi ndiye huyu." Nikasema, "Ndiye wewe." Kisha akainua ile fremu kubwa, akamtazama Shija usoni, na sauti yake ikavunjika. "Huyu nimekaa naye miaka yote, dada. Nilipoanza kazi nilimwambia. Nilipofiwa na mtoto, mke wangu akiwa amelala, nilikaa sebuleni nikamwambia yeye. Nilikuwa naongea na nani?" Nilishuka kitandani, nikaketi naye sakafuni, bega kwa bega, mpaka tuliposikia gari la mwili linaingia.

Mama aliagwa akiwa na picha yake moja. Ile ndogo Masanja aliitia mfukoni mwa shati, na kaburini nilimwona akiigusa juu ya kitambaa kila katekista alipotaja jina la marehemu. Siku ya tatu, tulipomaliza kugawa nguo za mama, nilimkuta anaifunga fremu kwenye blanketi, kwa uangalifu uleule aliokuja nao. Nikamwambia kama inamuumiza aiache, nitajua pa kuiweka. Akasema, "Huyu naye ni baba wa mtu. Hakuacha watoto?"

Aliacha mmoja. Miaka michache baada ya baba kufa, Shija alihamia Malampaka kupakia pamba stesheni, akaoa huko, akafa kwa homa binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilisikia binti huyo anaitwa Kwandu, anauza mchele sokoni. Tulikwenda na gari la Masanja, tukauliza wauza nyanya wawili, wa tatu akatuelekeza kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ambo ya reli. Kwandu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, anapepeta mchele barazani. "Mwadila," akatusalimia, salamu ya kwetu ya alasiri, na alipojua sisi ni nani akaacha ungo, akatupa viti, akatupa pole ya mama. Nilimweleza kwa kifupi baba yake alikuwa nani kwa baba yetu: jinsi alivyomsindikiza Mwanza, alivyomnyoa, alivyoketi naye kila jioni, na jinsi Masanja alivyokaa na uso wake miaka yote akidhani ni wa baba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Masanja akafungua kamba.

Kwandu alifuta mikono yake kwenye kanga, akaifuta tena, ndipo akaishika fremu. Aliitazama picha ile bila kulia. Alisema, "Mama alisema alikuwa na mwanya kwenye meno." Mdomo wa Shija kwenye picha umefumbwa. Aliniuliza, "Una hakika ni yeye?" Nikamwambia nina hakika, nilimjua kabla yeye hajazaliwa. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaiegemeza fremu ukutani kwenye baraza, mahali kivuli kilipofika, akarudi nyuma kuitazama kwa mbali, kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni anayekuja kwa miguu. Treni ya mizigo ilikuwa inapita na ilibidi tungoje imalizike. Ilipokwisha alimgeukia Masanja.

"Mimi sina ninachokumbuka," akasema. "Wewe ndiye uliyekaa naye. Alikuwaje?"

Nilitaka kumjibu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua Shija akiwa hai. Lakini alikuwa hajaniuliza mimi. Masanja alivuta kiti chake karibu na cha Kwandu.

"Alikuwa msikivu," akasema. "Ungeweza kumwambia kitu chochote."